Chumba cha Wenye Mawili

Mafua yalipoingia kwenye udobi ule, yalianza na Tajiri mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kumtangulia mwenzake katika jambo lolote la kazi. Asubuhi alipiga chafya juu ya kaunta. Mchana alikuwa amejiegemeza kwenye mafurushi ya nguo chafu, akiomba maji ya moto kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Kabla ya wiki kwisha nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Wafuaji kule uani, mwanamke wa kurudishia vifungo, dereva wa kupeleka mashuka hotelini, wote. Walikohoa kwa kupokezana, wakataniana kwamba kilichobaki ni kumtafuta mwalimu wa kwaya.

Wa mwisho kuugua, au ndivyo walivyodhani, alikuwa mpiga pasi wao, mama mmoja mrefu mkavu waliyemwita Bi Mstari.

Jina hilo alilipata kwa ajili ya suruali. Mstari alioupiga yeye mbele ya mguu wa suruali ulinyooka kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo, na ulikaa. Mwenye suruali angeweza kuketi mkutanoni siku nzima, akainuka, mstari bado upo. Walikuwepo wateja waliomjua kwa mstari huo tu bila kuwahi kuuona uso wake, maana meza yake ilikuwa chumba cha ndani kisicho na dirisha, penye pasi nzito ya mvuke na harufu ya wanga. Alipapenda hapo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na pasi haihitaji kuongeleshwa.

Nyumbani aliishi na mtoto wa kaka yake. Kaka na wifi walifariki kijana akiwa bado mdogo, na yeye, ambaye hakujaliwa kuzaa, akamchukua, akamlea mpaka akawa fundi umeme, mpaka akaoa. Kijana alimwita Shangazi, mkewe naye akamwita Shangazi, na majirani wakafuata mkumbo. Walikuwa na binti wa miaka mitatu waliyembandika jina la Chiriku, kwa sababu hakunyamaza. Aliongea akila, aliongea akiogeshwa, na ukimwambia afumbe macho alale aliendelea kuongea amefumba macho. Tangu alipoachishwa ziwa, Chiriku alilala kitanda kimoja na bibi yake huyu, mkono wake mdogo umeshika sikio la bibi.

Sasa, jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba Bi Mstari alikuwa anakohoa muda mrefu kabla ya chafya ya Tajiri. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha chini chini, kisicho na haraka. Kikimjia kazini alifungua mvuke wa pasi usikike badala yake. Kikimjia nyumbani aligeuza uso ukutani. Sketi zake alikuwa anazifunga kwa pini kiunoni. Alfajiri aliamka shuka limelowa kana kwamba limetoka kwenye pipa la kusuuzia, akalianika kabla watu hawajaamka, na mkwewe alipomuuliza mbona kila siku anafua shuka, alijibu kwamba mtoto amekojoa. Chiriku alikataa mashtaka hayo kwa ukali, lakini nani humsikiliza mtoto wa miaka mitatu?

Alijiambia ni mvuke. Alijiambia ni wanga. Akajiambia ni uzee, ingawa hakuwa mzee kiasi hicho. Lakini moyoni alijua, kwa sababu alikwisha kuiona njia yote kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Mumewe alikufa kwa kifua kikuu wangali vijana. Siku zile ndugu wa mume walimhamishia mgonjwa chumba cha uani, wakawa wanamwekea sahani nje ya mlango, wanagonga, halafu wanaondoka kabla hajafungua. Dawa alianza kuzipata akiwa amechelewa. Aliyeingia mle ndani ni yeye mkewe peke yake. Walipomzika, watu walimpa pole wakiwa wamesimama mbali, mikono wameikunja kifuani, na shemeji zake wakachoma godoro uani huku yeye anatazama. Ndoa yake yote ilimalizikia kwenye moshi ule. Kwa hiyo kikohozi kilipomwanza, alichoogopa zaidi haikuwa kufa. Aliogopa kugongewa mlango na kuachwa.

Ndiyo maana mafua yalipoingia udobini yalimfanya apumue. Ghafla kila mtu alikuwa anakohoa, na kikohozi chake kikapata wenzake. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, alikohoa mbele za watu bila kugeukia ukuta. Mwanamke wa vifungo akamcheka, akasema hata Bi Mstari naye yamempata, na yeye akacheka pia.

Kisha yakampata kweli.

Siku ile homa ilimkamata akiwa njiani kurudi. Mifupa ilimuuma, macho yakauma, kichwa kikamwanga kana kwamba kuna mtu anatwanga ndani yake. Kijana wake akampeleka kwenye zahanati ya karibu, ambako walimwingiza kijiti chenye pamba puani, wakasubiri kidogo, wakamwambia ni homa ya mafua, ile ile iliyojaa mjini. Tabibu, kijana mwenye foleni ndefu nje ya mlango wake, aliuliza kama kikohozi kilikuwepo kabla. Bi Mstari alijibu kwamba kimekuja na hili hili la watu wote. Jibu lilimtoka kirahisi mno, kana kwamba lilikuwa limekaa ulimini likisubiri kuulizwa. Akapewa dawa, akaambiwa apumzike na asilale na mtoto mpaka homa iishe.

Chiriku akahamishiwa kwa wazazi wake, akalia, akarudi kinyemela, akahamishwa tena.

Wenzake udobini walipona mmoja mmoja. Tajiri alirudi kaunta akiwa na sauti mpya nzito aliyojivunia. Bi Mstari naye akajilazimisha kurudi, homa ikiwa bado mwilini, kwa sababu kila aliyechelewa kurudi alianza kuulizwa maswali. Tajiri alipomwona ameshika fremu ya mlango alimwambia ajikaze kisabuni, mashuka ya hoteli yamejaa hadi darini. Akajikaza. Alisimama mezani, akatandaza shati jeupe, akaweka pasi juu yake, kisha chumba kikaanza kusogea. Wenzake walisikia harufu ya kitambaa kinachoungua, kitu ambacho hakijawahi kutoka chumba kile. Walipoingia walimkuta amekumbatia meza kwa mikono yote miwili, pasi imekaa palepale inatoa moshi, na yeye anahangaika kuvuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

Hospitali kubwa walimpima upya. Kijiti puani, picha ya kifua, na kikopo cha kutemea makohozi. Kesho yake daktari alikuja, mama wa makamo aliyefunika mdomo na pua kwa barakoa nene, akavuta kiti akaketi, jambo ambalo lilimtisha Bi Mstari kuliko kitu kingine chochote. Watu waliosimama huleta habari ndogo.

Daktari alimweleza kwamba ana magonjwa mawili kwa wakati mmoja. Mafua ni ya juzi tu, nayo bado yapo. Kifua kikuu kina muda. Kila ugonjwa ungeweza kumlaza peke yake, na sasa yamekutana kwenye mapafu yale yale, ndiyo maana ameanguka vibaya hivi. Dawa za mmoja hazitibu mwingine, kwa hiyo atameza za yote mawili. Kisha akarudia lile swali la tabibu wa zahanati, kikohozi kilianza lini.

"Kabla ya baridi," Bi Mstari alisema.

Daktari hakumgombeza. Akauliza anaishi na nani. Na mwanangu, akasema, na mkewe, na mjukuu. Mjukuu ana umri gani? Miaka mitatu.

"Analala wapi?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akilikimbia tangu shuka lilipolowa mara ya kwanza. Akasema polepole, akitazama mikono yake, "Analala na mimi."

Baadaye lilizuka tatizo la mahali pa kumlaza. Wodi ya kifua haikumtaka kwa sababu ya mafua: mle walikuwemo watu ambao mapafu yao yamebakia nusu, na mafua yangewafagia. Wodi ya mafua haikumtaka kwa sababu ya kifua kikuu. Nesi alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mlango wa kwanza, akabishana na mwenzake, akamgeuza. Akamsukuma hadi mlango wa pili, akabishana, akamgeuza. Bi Mstari alikaa ameinamisha kichwa kama mtoto anayetafutiwa shule. Mwishowe wakampeleka mwisho kabisa wa korido, kwenye chumba kilichokuwa cha kuwekea vitanda vibovu, chenye dirisha pana lililofunguliwa usiku na mchana. Humo waliwekwa wenye mawili. Wakati ule hospitali nzima ilikuwa na wagonjwa wawili wa namna hiyo, na mwenzake alikwisha kutangulia kuingia.

"Karibu," mwenzake alisema kutoka kitandani. "Hapa tunapokea wale waliokataliwa kotekote."

Alikuwa msusi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kucha ndefu zilizoanza kubanduka rangi na kinywa ambacho hata homa haikuweza kukifunga. Aliongea akihema, akapumzika, akaongea tena. Alisema magonjwa yao ni wake wenza: kifua kikuu ndiye mke mkubwa, amekaa ndani kimya miaka mingi akitafuna, mafua ni mke mdogo, ameingia kwa kelele, na atakapochoka ataondoka amwache mwenye nyumba. Bi Mstari, ambaye hakuwa amecheka tangu siku ile ya mwanamke wa vifungo, alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nesi akaja kuangalia.

Mwanzoni maongezi hayo yalimchosha. Alizoea chumba kimoja na pasi moja. Lakini siku zilivyosonga, homa ikipanda na kushuka, akajikuta anaisubiri sauti ile. Waliamka pamoja, wakameza vidonge pamoja, wakachungulia mkojo wao uliogeuka rangi ya machungwa kwa sababu ya dawa, wakaambiana kama umekolea. Msusi alimsimulia juu ya saluni yake, wateja wake, na uongo wao kuhusu waume zao. Watu wake wote wanaamini amesafiri, alisema. Amemwambia kila mtu kwamba anamuuguza mama mdogo mbali. Wateja wakisikia kifua kikuu hawatarudi. Nani ataweka kichwa chake mapajani mwa mwenye kifua? Kwa hiyo hakuja mtu kumwona, na alisema haimsumbui, na alilisema hilo mara nyingi.

"Ukitoka uje," alimwambia Bi Mstari. "Nitakusuka mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Utatoka pale hata mwanao hakujui."

Kijana alikuja. Alisimama nje ya dirisha, kwenye majani, barakoa usoni, na kopo la uji mkononi ambalo nesi alizunguka kulipokea. Hakujua aweke wapi macho. Alisema kwamba wote watatu wamepimwa. Yeye mzima, mkewe mzima. Chiriku hana ugonjwa, lakini vijidudu vimemwingia, vimelala mwilini, kwa hiyo atameza dawa kwa miezi kadhaa visije vikaamka. Analalamika kwamba ni chungu. Anatema. Inabidi mama yake amshike pua.

Bi Mstari aliuliza kama mtoto anamuulizia. Kijana akasema anaulizia kila siku. Kisha akasema ana kazi ya kuvuta nyaya mahali fulani, akaondoka haraka kuliko alivyokuja, na shangazi yake akamtazama mgongo hadi alipokata kona. Aliujua mgongo ule. Alikwisha kuubeba.

Mkwewe alikuja mara moja. Hakuleta kitu. Alisimama palepale kwenye majani, mikono ameikunja kifuani, na Bi Mstari alipoiona mikono ile imekunjwa vile, alijua kabla ya neno kusemwa.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Ulikuwa unajua?"

Msusi kitandani kwake alijifanya amelala. Bi Mstari angeweza kusema hakujua. Angeaminiwa, daktari hakumwambia mtu. Alifikiria mkono mdogo ulioshika sikio lake usiku wote ule, na kinywa kile kilichoongea bila kukoma karibu na kinywa chake.

"Nilikuwa najua," alisema. "Sikuwa na hakika, lakini nilikuwa najua."

Mkwewe aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeletewa mzigo na kukuta ni ule ule aliouagiza. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliaga kwa adabu zote, akamtakia afya njema, akaenda zake.

Msusi alifungua macho. "Ungekana tu," alisema.

Kisha asubuhi moja majibu ya Msusi yalirudi: mafua yamemtoka. Sasa alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuingia wodi ya kifua pamoja na binadamu wengine. Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa nailoni akipiga vigelegele vya pumzi fupi. Nesi akamharakisha. Mlangoni aligeuka akapunga mkono, akasema watakutana huko huko, asikawie. Nesi akakunja godoro la kitanda kile likabaki limesimama katikati kama mtu aliyeinama.

Mafua ya Bi Mstari hayakutaka kuondoka. Walimpima wakakuta bado. Wakampima tena wakakuta bado. Hakuna mwingine aliyeletwa. Watu waliugua mafua, watu waliugua kifua, lakini mwenye yote mawili alikuwa yeye peke yake, na chumba kikawa kikubwa kupita kiasi. Hakujua kwamba ukimya una sauti hizi zote: maji kwenye bomba, kamba ya pazia ikigonga dirisha, pumzi yake mwenyewe ikikwaruza. Alasiri, upepo ukivuma kwa upande ule, alisikia kicheko cha Msusi kutoka mbali kwenye korido, na kicheko cha wengine kikimwitikia. Zilikuwa hadithi zile zile. Aliweza kujua ni ipi kwa jinsi walivyocheka.

Mgawa chakula, kijana mpya mwenye woga, alianza kuweka sahani kwenye stuli nje ya mlango, kugonga na kuondoka. Siku ya kwanza Bi Mstari hakwenda kuichukua. Alikaa kitandani akiutazama mlango mpaka chakula kikapoa, na alichokuwa anakiona si mlango ule. Jioni nesi alipokuta sahani haijaguswa, alimuuliza kama hajisikii kula. Akajibu kwamba anajisikia.

"Sasa?"

"Mwambieni aingie nayo," Bi Mstari alisema. "Avae barakoa mbili, avae tatu akitaka. Ila aingie."

Nesi alimtazama, akavuta kile kitanda kitupu, akalikunjua godoro, akaketi. Alikaa pale mpaka mgonjwa alipomaliza kula, bila kusema lolote la maana. Aliongelea viatu vyake vinavyombana. Mgawa chakula akawa anaingia tangu hapo, mbio mbio, kichwa amekiinamisha, lakini anaingia.

Alipohamishiwa wodi ya kifua hatimaye, alinyoosha shingo kutafuta kucha zile ndefu. Kitanda alichoonyeshwa kuwa ndicho cha Msusi kilikuwa na bibi mwingine. Msusi alikwisha kuruhusiwa siku mbili kabla.

Naye akaruhusiwa baadaye. Daktari alimweleza, na akamweleza kijana wake vilevile ili asikie kwa masikio yake, kwamba sasa hawezi kumwambukiza mtu, mradi ameze dawa mpaka mwisho. Kijana aliitikia kila neno. Nje, badala ya kwenda njia ya nyumbani, akashika njia nyingine. Shangazi yake akamfuata. Walifika kwenye nyumba ya vyumba vingi vinavyotazamana, akafungua kufuli la chumba cha mwisho. Ndani kulikuwa na kitanda, ndoo mbili mpya, jiko dogo, na taa aliyoifunga yeye mwenyewe. Waya wake ulipigiliwa kwa nafasi sawa sawa mpaka kwenye swichi. Sanduku lake la nguo lilikuwa limeshaletwa.

Kijana alianza kueleza. Ni kwa muda tu, mpaka mama Chiriku atulie. Alisema hivyo akiitazama swichi.

"Ni sawa baba," Bi Mstari alimwambia. "Umeifunga vizuri."

Akaanza maisha ya chumba kile. Kila asubuhi alikwenda kumeza dawa mbele ya nesi wa zahanati, akarudi, akalala, akaamka. Udobini alikwenda mara moja. Mezani pake palikuwa na msichana mwenye bidii anayepiga pasi haraka haraka. Tajiri alimpokea kwa maneno matamu huku amesimama nyuma zaidi ya kaunta kuliko kawaida, akasema nafasi ikipatikana atamwita, apumzike kwanza, afya ndiyo muhimu. Mwanamke wa vifungo alimpungia mkono kutoka mlango wa uani. Hakuja.

Nguvu zilipomrudia kidogo, akaitafuta saluni. Aliipata upande wa sokoni, kama alivyoelekezwa, mlango wa bluu na kioo kirefu. Ndani walikuwemo wateja, wawili wamekaa wakisubiri, mmoja anasukwa, na Msusi mwenyewe katikati yao amenona, kucha zimepakwa upya, kinywa kinafanya kazi. Bi Mstari alisimama mlangoni na tabasamu limeshaanza kumtoka.

Msusi akainua macho. Kwa kitambo kidogo tu uso ule ulifunguka. Kisha ukafungwa.

"Karibu mama," alisema kwa sauti ya biashara. "Unataka kusuka?"

Mmoja wa wateja aligeuka kumtazama mgeni huyu mrefu aliyekonda. Bi Mstari alilielewa jambo lote. Angeweza kugeuka akaondoka. Badala yake alijitia hamnazo.

"Ndiyo mwanangu," alijibu. "Kama una nafasi."

Akasubiri zamu yake kama mtu yeyote. Ilipofika, akakaa chini kwenye mkeka, akaweka kichwa mapajani pa Msusi. Msusi aliwasimulia wateja jinsi mama yake mdogo alivyougua, na jinsi safari ilivyokuwa ndefu, na wateja wakampa pole. Huku akisema, vidole vyake viligawanya zile nywele chache zilizosalia kwa upole mkubwa, vikapita juu ya kichwa vikirudia mahali pale pale, kana kwamba vinatafuta kitu. Hakumvuta hata mara moja. Kazi ambayo ingeisha upesi ilichukua muda mrefu, mpaka anayesubiri akaguna. Walipomaliza, Msusi alimshikia kioo, wakaangaliana mle ndani ya kioo, nyuso mbili zimebanana.

"Umependeza mama," alisema. "Kapone vizuri." Kisha akajisahihisha mbele za wateja. "Kapumzike vizuri."

Bi Mstari hakurudi tena pale. Hakuwa na kinyongo. Alijua woga ule unavyojifanya akili. Lakini njia nzima ya kurudi alihisi vidole vile kichwani, na alipofika chumbani alikaa kitandani bila kuwasha taa, akaona kwamba katika miezi yote ile, mbali na manesi, huyo ndiye mtu pekee aliyemgusa.

Dawa zikaisha. Makohozi yakapimwa, yakawa safi. Nesi wa zahanati alimshika mkono akampongeza, akamwambia amepona kabisa, aende akawaambie watu wake. Alitoka nje na habari hiyo, akasimama kando ya barabara, watu wakimpita, asijue aipeleke wapi. Akaipeleka sokoni, akanunua pasi. Alikuwa na wateja ndani ya juma, wapangaji wenzake kwanza, halafu walimu wa shule jirani.

Jumapili moja mchana, akinyoosha sare, aliona kivuli mlangoni. Mkwewe alikuwa amesimama pale, amemshika Chiriku mkono. Mtoto alikuwa amerefuka. Alijificha nyuma ya sketi ya mama yake, akachungulia kwa jicho moja, hakusema kitu. Hicho ndicho kilichomchoma Bi Mstari, ule unyamavu.

"Mwamkie bibi," mama yake akasema. Sauti ndogo ikatoa shikamoo kutoka nyuma ya kitambaa.

Mkwewe alieleza kwamba naye Chiriku amemaliza dawa zake. Wamemwangalia, hana neno. Mama yake ameona bora aje aseme mwenyewe. Bi Mstari alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akazima pasi.

"Sijasahau, Shangazi," mkwewe alisema.

"Najua mama. Na mimi siombi usahau."

Walibaki hivyo, mmoja ndani, mmoja kizingitini. Halafu mkwewe akavua viatu, akaingia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Hawakuongea mengi. Waliongelea bei ya mkaa na jirani aliyehama. Chiriku alizunguka chumba akigusa vitu, na alipofika mezani aliuliza, kwa kunong'ona, kama pasi inauma. Bibi yake akamjibu kwamba inauma ukiishika vibaya. Mtoto akalifikiria hilo, akarudi kwa mama yake.

Jumapili iliyofuata Bi Mstari alifagia mapema, akachemsha maji, akasubiri. Hawakuja. Iliyofuata tena alikuja mtoto na baba yake, na safari hii Chiriku alimletea habari kwamba, kwa madai yake mwenyewe, amepata jino jipya huko nyuma kabisa, akafungua kinywa alionyeshe. Walikaa mpaka jua lilipopungua. Baba yake alipomwita waondoke, mtoto alikuwa bado anaongea.